Kabla ya Namugongo kulikuwa na Kageye: safari yetu kutoka Butimba

Leo naomba tuweke pembeni siasa na mpira, maana kuna jambo limenikaa kichwani tangu tuliporudi safari na familia.

Ilianza hivi. Dogo mmoja wa mtaani kwetu hapa Butimba alikuwa amekaa kwenye kompyuta anaangalia picha za familia moja ya Kimarekani, baba, mama na msururu wa watoto, wamejipanga mbele ya jengo la zamani wanacheka. Wamormoni. Kwa wasiowajua, ni wale vijana wa mashati meupe na tai wanaotembea wawili wawili kuhubiri. Kanisa lao lilianzishwa na Joseph Smith mwaka 1830 katika jimbo la New York. Mwaka 1844 kundi la watu wenye silaha likamvamia akiwa jela katika mji wa Carthage, Illinois, likamuua yeye na kaka yake. Wafuasi wakafukuzwa, wakakokota mizigo zaidi ya kilomita 2,000 mpaka bonde la Salt Lake, ambako kundi la kwanza lilifika mwaka 1847. Sasa likizo ikifika familia nyingi zao zinapakia watoto kwenye gari, zinakwenda kuona pale ilipoanzia, pale walipofukuzwa, na ile jela yenyewe. Huku kwetu Kanisa hilo lilitambuliwa na serikali mwaka 1992, na Mei 2025 wakafungua hekalu lao Nairobi.

Dogo akaniuliza, "Bro, na sisi tuna sehemu za hivyo?"

Nikajibu fasta, "Namugongo." Si mnajua kila mwaka ikikaribia tarehe 3 Juni mabasi yanajaa mahujaji.

Akasema, "Hiyo si Uganda?"

Hapo nikakwama. Nimezaliwa Mwanza, watu wanaijua Butimba kwa chuo cha ualimu na gereza, na mimi nilikuwa nimeridhika hivyo hivyo. Kumbe njia ya kwenda Namugongo, nazungumzia ile ya kwanza kabisa, ya mitumbwi, ilianzia huku kwetu.

Basi nikapanga safari. Mama yangu mzazi ni Mkatoliki wa misa ya asubuhi, haikosi. Mama watoto ni AIC. Ukiongeza watoto wawili wenye maswali kuliko polisi, hapo unayo delegesheni kamili. Tulienda Jumamosi mbili tofauti, Bukumbi kwanza na Kageye baadaye, kwa sababu Bukumbi ni rahisi kufika. Lakini kuieleza inabidi nianze na Kageye, vinginevyo haieleweki.

Kageye ni kijiji cha ufukweni upande wa Kayenze. Ukikitafuta kwenye vitabu vya zamani kwa jina hilo hutakipata. Wazungu waliandika walivyosikia: Kagehyi, Kagei, Kageyi. Hili ni muhimu kwenu mnaolipia muda kafe, msije mkamaliza buku zima mnatafuta jina moja. Andikeni yote. Bukumbi nayo imeandikwa Ukumbi, na wakati mwingine utaona Kamoga. Kitabu cha Stanley, Through the Dark Continent, cha mwaka 1878, kipo bure mtandaoni na Kageye imo kibao.

Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo Novemba 1874 na watu zaidi ya 300. Alipoingia Kageye tarehe 27 Februari 1875, waliobaki naye hawakufika 200. Njaa, maradhi, mapigano, na wengine waliona bora watoroke. Siwalaumu hata kidogo. Mapagazi walikuwa wamebeba mpaka mashua, inaitwa Lady Alice, imekatwa vipande vipande ili ibebeke mabegani. Jaribu kufikiria, watu wanabeba mashua kutoka pwani ya bahari mpaka ziwani, kwa miguu. Hapo Kageye ikaunganishwa, ikatiwa majini, na tarehe 8 Machi Stanley akaanza kulizunguka ziwa. Kijana wake mmoja Mwingereza, Frederick Barker, alibaki kambini Kageye na akafa huko huko kabla bosi hajarudi.

Katika mzunguko ule Stanley alifika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, akaandika barua kwamba kabaka anataka walimu wa dini. Barua ikachapishwa kwenye gazeti la Daily Telegraph la London Novemba 1875, na hapo ndipo moto ulipowaka. Waanglikana wa CMS walipanga msafara mwaka uliofuata. Njia ya kuingilia? Kageye. Daktari wao, John Smith, alikufa hapo Mei 1877. Wenzake wawili, Luteni Shergold Smith na Mchungaji Wilson, wakavuka wakafika kwa Mutesa mwishoni mwa Juni 1877.

Sasa sikilizeni kisa cha Ukerewe, maana watu hukisimulia nusu nusu. Pale Kageye alikuwepo mfanyabiashara wa Kiswahili kutoka pwani, vitabu vinamwita Songoro. Alikuwa na jahazi, na alikuwa akifanya biashara ya pembe za ndovu na ya watu. Ndiyo, ya watumwa. Kageye ilikuwa bandari ya hayo yote, tusijidanganye kwamba ilikuwa ya Injili tu. Shergold Smith alihitaji chombo cha kuvukia, akanunua jahazi kwa Songoro. Songoro alikuwa na mgogoro na Lukonge, mtemi wa Ukerewe. Desemba 1877 mgogoro ukalipuka kuwa mapigano, na wamisionari wawili, Shergold Smith na O'Neill, wakawa upande wa Songoro. Wakauawa pamoja naye. Kwa hiyo ukisoma mahali "wamisionari waliuawa na wenyeji wakatili", jiulize kwanza walikuwa wamesimama na nani siku ile. Sisemi walistahili kufa. Nasema habari ilikuwa ya biashara, deni na heshima ya mtemi, haikuwa ya watu kuchukia Biblia.

Mama watoto hapa alinikatiza. "Kwa hiyo Waprotestanti ndio walitangulia?" Mama yangu akajifanya hajasikia, anaangalia ziwa.

Ni kweli walitangulia, kwa zaidi ya mwaka mmoja. Wakatoliki, wale Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie, walifika Kageye mwishoni mwa 1878. Padri Lourdel na Bruda Amans wakachukua mtumbwi, wakapita kandokando ya ziwa, wakatua Kigungu, karibu na Entebbe, tarehe 17 Februari 1879. Kule Uganda tarehe hiyo inaheshimika sana. Wenzao, akiwemo Padri Livinhac ambaye baadaye akawa askofu, walibaki Kageye wakisubiri mitumbwi ya kabaka, na wakafika Buganda Juni mwaka huo. Machi 1880 wakabatiza watu wao wa kwanza.

Lakini mtumbwi haujipigi makasia wenyewe. Safari ile ni ya siku nyingi, mvua za ziwa, viboko, wenyeji wa fukwe msizowajua. Walikuwepo wapiga makasia. Jina la Lourdel mnalo, la Amans mnalo. La mpiga kasia mimi nimelitafuta kwenye kila nilichosoma sijalikuta. Hapo ndipo safari ilipoanza kunigeukia, lakini ngoja kwanza tufike Bukumbi.

Ukitoka Butimba unapita Nyegezi, Mkolani, Buhongwa, unafika Usagara. Pale kuna njia panda: moja inaelekea Shinyanga, nyingine inaelekea Kigongo, kwenye lile daraja refu la kilomita 3 kwenda Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Bukumbi iko upande huo, wilaya ya Misungwi. Wengi wanaijua kwa hospitali na shule ya sekondari ya wasichana. Wachache wanajua kwamba hapo ndipo Mapadri Weupe walipojenga misheni yao mwaka 1883.

Hawakuja kwa sababu walipapenda. Walikuwa wanakimbia. Novemba 1882 hali kwa Mutesa ilikuwa mbaya, wakaona bora waondoke Buganda, wakarudi kusini kwa ziwa wakiwa na watoto yatima waliokuwa wakiwalea. Walipita Kageye tena, kisha wakahamia Bukumbi. Wakakaa mpaka 1885. Na hapa ndipo panaponishangaza mimi: miaka hiyo mapadri wakiwa huku Usukumani, waumini wachache walioachwa Buganda hawakusambaa. Walifundishana wenyewe kwa wenyewe, wakaongezeka. Mapadri waliporudi 1885, baada ya Mwanga kurithi kiti cha baba yake, walikuta watu wengi kuliko walioacha. Miezi michache baadaye mauaji ya Wakatoliki yakaanza, Novemba 1885, mpaka ile 3 Juni 1886 ya Namugongo na kuendelea mpaka 1887. Wakatoliki 22 wakatangazwa watakatifu mwaka 1964, na kuna Waanglikana waliouawa pamoja nao pia.

Mama yangu ameenda Namugongo mara mbili. Alikuwa hajui kwamba mapadri waliowabatiza wengine kati ya wale mashahidi walikuwa wakimbizi Bukumbi. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Na mimi huwa napita Usagara kila nikienda msibani."

Haijaisha. Mwaka 1888 Mwanga mwenyewe alipinduliwa. Yule yule aliyeamuru vijana wachomwe moto akakimbilia kusini kwa mtumbwi, akafikia kwa Waarabu wa Magu, akaona kule nako hakukaliki, mwishowe akapokelewa Bukumbi na Mapadri Weupe. Mwanangu mkubwa akashangaa, "Kwa hiyo walimpa chakula?" Ndiyo, walimpa. Alirudishiwa ufalme baadaye, na akaja kufia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903. Sitaki kuipamba, maana mapadri nao walikuwa na hesabu zao, mfalme mwenye deni la shukrani ni mtaji. Lakini walimpa.

Kwenye huo huo mwaka 1888 kuna habari nyingine, na hii ndiyo iliyonifanya niandike. Oktoba wamisionari wote, Wakatoliki na Waanglikana, walifukuzwa Buganda. Wakapakiwa kwenye mashua moja ya Waanglikana iitwayo Eleanor. Wafikirieni watu waliokuwa wakigombana miaka yote kuhusu Bikira Maria na nani ana Biblia sahihi, wamebanana kwenye mashua moja wanaelekea Usukumani. Ndani walikuwepo pia watoto wa misheni. Njiani kiboko akaigonga mashua, ikatoboka, maji yakaingia. Wazungu wote wakapona. Watoto kadhaa wakazama. Mashua ikatengenezwa ilivyowezekana, wakaendelea, mpaka wakafika Bukumbi wakapokelewa.

Watoto wale walitoka wapi? Wengi wa watoto waliolelewa na misheni zile walinunuliwa. Neno lililotumika ni "kukombolewa". Padri anakwenda kwa mfanyabiashara, analipa kwa kitambaa au bidhaa nyingine, mtoto anahamia misheni, anafundishwa katekisimu na kazi za mikono. Kuna wanaosema ilikuwa rehema tupu, na kuna wanaosema kununua ni kununua tu, unampa mfanyabiashara mtaji wa kwenda kuteka wengine. Mimi naona yote mawili yalikuwepo kwa wakati mmoja. Ukiwa ndio wewe mtoto uliyefungwa kamba, hesabu za soko hazikuhusu, unataka kutoka tu. Ila mtu mzima anayesoma leo lazima aone pande zote.

Wapo waliofahamika kwa majina. Adrian Atiman alitekwa akiwa mdogo kule Mto Niger, nchi ambayo sasa ni Mali, akakombolewa na Mapadri Weupe huko Algeria, akasomeshwa udaktari Malta, akaletwa Karema kwenye Ziwa Tanganyika mwaka 1889. Alitibu watu pale mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka zaidi ya 60 kazini! Huyo tunalo jina lake, na maisha yake aliyaandika mwenyewe. Kwa Atiman mmoja, watoto wangapi wa Kageye na Bukumbi hawakupata wa kuwaandika?

Tukiwa Bukumbi mama alisali, kama desturi yake, akawataja mapadri. Alipomaliza, mwanangu mdogo akamwuliza, "Bibi, na wale waliozama?" Mama akafunga tena macho. Akasali upya, lakini safari hii alikwama kwenye kutaja, kwa sababu hakuna cha kutaja. Akasema tu, "Na wale watoto." Nimesimama makaburini na mama yangu mara nyingi sana na sijawahi kumwona akikosa jina la marehemu.

Hapo ndipo nilipowakumbuka wale Wamormoni. Nasikia moja ya mambo wanayoyafanya sana ni kukusanya majina ya mababu, karatasi kwa karatasi, parokia kwa parokia, dunia nzima. Kiimani sikubaliani nao, wanawabatizia marehemu kwa niaba, sisi hatuna hiyo. Ila bidii yao ya kutafuta jina la mtu naikubali. Mapagazi walioibeba Lady Alice, wengi walikuwa Wangwana wa pwani na Wanyamwezi. Walioajiriwa njiani huku ni Wasukuma, watu wetu, kuna mjukuu wa mmoja wao yumkini anasoma hapa sasa hivi na hajui.

Tugeukie na upande wa mama watoto, maana aliniambia nisipoandika hii hakuna chakula cha jioni. AIC Tanzania haikuanza hewani. Waanglikana wa CMS, baada ya hekaheka zote hizo, walikuwa na kituo Nassa, kwenye Ghuba ya Speke, ambayo sasa iko wilaya ya Busega mkoa wa Simiyu. Mwaka 1909 wakakikabidhi kwa wamisionari wa Africa Inland Mission, na kutoka Nassa kanisa la AIC likasambaa Usukumani kote. Kwa hiyo AIC na Waanglikana wa Uganda ni ndugu wa mlango mmoja, na mlango huo ni Kageye. Hata Alexander Mackay, yule fundi Mskoti ambaye Waganda wanamheshimu mpaka kesho, alipitia Kageye mwaka 1878 na alifia Usambiro, kusini mwa ziwa, Februari 1890. Mifupa yake ilihamishwa Namirembe, Kampala, mwaka 1927. Unaona sasa? Hata marehemu wanahamishwa kwenda Uganda, halafu sisi tunawafuata kwa basi.

Mama yangu na mama watoto waligombana kidogo njiani kuhusu nani aanze kwenda Nassa. Nimeliacha hilo.

Kwa anayetaka kwenda na familia: Kageye unakwenda kwa barabara ya uwanja wa ndege, Igombe, mpaka Kayenze, halafu unauliza. Ni kijiji cha wavuvi, mitumbwi na dagaa zimeanikwa. Usitegemee geti, tiketi na mwongozaji mwenye beji. Mwone kwanza mwenyekiti wa kijiji, salimia kama mtu aliyelelewa, "mwangaluka" asubuhi haijawahi kumuumiza mtu, na eleza umekuja kufanya nini. Sisi tulikaa na mzee mmoja chini ya mti zaidi ya saa nzima na alituambia mengi kuliko nilivyosoma, ingawa kwenye tarehe mzee alikuwa anajirusha. Beba maji na kofia, jua la ziwani ni noma. Ukiwa na muda wa ziada pitia Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padri David Clement, Mkanada. Kanisa lake limejengwa kwa alama za utemi wa Kisukuma, na watoto walipapenda kuliko kote kwa sababu ya ngoma. Bukumbi nenda daladala mpaka Usagara, kisha bodaboda. Ni eneo la kanisa, hospitali na shule, kwa hiyo vaa kwa heshima na omba ruhusa kabla ya kupiga picha, hasa upande wa hospitali.

Yule dogo nilimpa picha zetu. Akaziangalia moja moja, akauliza mbona hakuna jengo la maana hapo Kageye, ni maji tu na mitumbwi. Nikamwambia ndiyo hivyo.

Sasa ombi langu kwa wadau. Wewe uliyetoka Kayenze, Kageye, Bukumbi, Usagara au Ukerewe, uliza nyumbani. Kama kuna babu au bibi anayetaja kwamba mkubwa fulani wa ukoo alibeba mizigo ya Wazungu, alipiga makasia kwenda Buganda, au alilelewa misheni akiwa mtoto wa kununuliwa, niandikie hapo chini kwenye maoni. Jina la marehemu, ukoo na kijiji vinatosha, usiweke namba ya simu ya mtu. Mama amenunua daftari la kaunta kwa ajili hiyo. Mpaka naandika hivi lina majina mawili, yote ametoa yule mzee wa Kageye, na moja lina alama ya kuuliza.

Maoni ya "Wakatoliki oyee" na "Walokole juu" nitayafuta.

Tuonane wiki ijayo.